Mibonyezo ya Jumapili

Mwaka ule kilichoninyima usingizi hakikuwa mapenzi wala ugonjwa. Lilikuwa swali ambalo kila nilipomweleza mtu alidhani namtania: kati ya watu mia wanaofungua makala yako mtandaoni, ni wangapi wakibonyeza linki iliyo chini ndipo useme umefanya kazi? Mmoja ni aibu, au ni kawaida? Wawili je? Na wakibonyeza kumi, ni kwa sababu umeandika vizuri au ni kwa sababu umewadanganya vizuri? Nililala na swali hilo, nikaamka nalo, nikachemsha nalo chai. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na cheti kinachosema kwamba najua masoko, na soko lenyewe liliponiuliza swali la kwanza, sikuwa na jibu.

Swali hilo lilinirudia mwezi uliopita kule Buganguzi, tulipomzika dada yake baba, shangazi niliyemwita Tatenkazi kama tunavyowaita sisi Wahaya. Baada ya maziko tulikuwa tumekaa chini ya turubai, akina mama wa chama chake cha kusaidiana wakipitisha sahani, mtu akanishika bega kwa nyuma. Alikuwa Projestus, aliyekuwa bosi wangu mwaka ule. Sasa amenenepa, ana ofisi Mwanza, na hucheka kabla hajamaliza kusema. Alinipa pole, akauliza hali ya watoto, akavuta kiti. "Kemi," alisema, "unajua ungenyamaza tu siku ile, leo ungekuwa mkurugenzi? Kalamu ulikuwa nayo. Tatizo lako ulifikiri mno." Waliokuwa karibu walicheka naye kwa adabu. Sikumjibu, kwa sababu msiba ulikuwa wa Tatenkazi na si wetu sisi wawili. Lakini nilirudi nyumbani nikiwa na jibu kooni, na sioni kwa nini nilimeze. Nilifikiri mno, ndiyo. Ningerudishwa mwaka ule leo hii, ningefikiri vilevile, na pengine ningeongeza.

Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vifaa vya ujenzi, mjini Bukoba. Kilikuwa na meza mbili, feni iliyozunguka kwa kusitasita, na dirisha lililotazama mabati ya paa la jirani. Mvua ya Bukoba ikianza kunyesha juu ya mabati yale tulilazimika kuandikiana ujumbe kwenye simu, ingawa tulikaa umbali wa kunyoosha mkono. Kazi yetu ilikuwa hivi. Mtu mwenye biashara alikuja kwetu: mwenye nyumba ya wageni, mwuza asali, mwenye kitalu cha miche. Mimi niliandika makala ya kufundisha jambo, kwa mfano namna ya kutunza kahawa changa wakati wa kiangazi, na tuliiweka kwenye tovuti na kurasa ambazo wakulima na watu wa mjini huzisoma. Mwishoni mwa makala palikuwa na mistari mitatu kuhusu mwenye biashara, na linki ya buluu. Aliyeibonyeza alipelekwa kwenye ukurasa wa mwenye biashara, akaona bidhaa na namba ya simu. Kila asubuhi Projestus alifungua dashibodi iliyoonyesha watu wangapi wamefungua makala na wangapi wamebonyeza linki, na kwa namba hiyo moja alijua kama siku ile ataniita "mwandishi wangu" au "wewe binti".

Ukuta wa upande wa kushoto ulikuwa wa mbao nyembamba, na nyuma yake palikuwa na saluni. Tulisikia kila kitu: nani ameachwa, nani amerudi, na nani bado anajidanganya kwamba hajaachwa. Siku moja nilisikia mteja akisoma makala yangu kwa sauti, ile ya kahawa changa, huku akisukwa. Nilisimamisha vidole. Alisoma mpaka mwisho bila kuruka, akatulia, kisha akasema, "Bonyeza hapa. Haya, nani ananiamuru?"

"Si anakuomba tu," msusi alimjibu.

"Anayeomba anasalimia kwanza. Huyu amenifundisha vizuri, halafu mwishoni ananikoromea kama askari wa barabarani."

"Basi usibonyeze."

"Sibonyezi. Kwani kitalu kiko wapi? Kemondo. Mimi nikienda Kemondo nitakiona kwa macho yangu."

Nililifikiria neno lile siku nzima, na nikalifikiria tena nikila ndizi na maharage kwa mama lishe nyuma ya stendi, mpaka mama lishe akaniuliza kama chakula kina kasoro. Nilirudi ofisini nikaifuta ile amri. Badala yake niliandika kwamba kama msomaji angependa kuiona miche kabla ya kufunga safari ya Kemondo, picha zake na njia ya kufika ziko hapa. Hakuna zaidi. Baada ya wiki chache dashibodi ilionyesha kwamba wabonyezaji, waliokuwa mmoja katika kila mia, wamefika wawili. Nilitamani kumkumbatia yule mama wa saluni, ambaye sikuwahi kuiona sura yake. Projestus alitazama namba ile, akakuna shingo. "Wawili," alisema. "Kemi, huko nje watu wanapata kumi. Wewe unaniletea wawili na unatabasamu." Sikujua huko nje ni wapi, na nina hakika naye hakujua, lakini alipataja kwa namna ya mtu aliyewahi kufika. Alitaka vichwa vya habari vyenye neno "siri". Alitaka niandike kwamba kahawa inaweza kuzaa kabla ya wakati wake. Nilimwambia kahawa haijui kusoma. Akasema mkataba wangu unaisha mwishoni mwa msimu wa mvua, na kwamba atautazama kwa jicho la namba.

Ndiyo hofu niliyokwenda nayo Buganguzi mwisho wa juma lile. Nyumba ya Tatenkazi ilikuwa na sebule yenye viti vilivyofunikwa vitambaa vya kufuma kwa mkono, picha ya kipaimara changu ukutani, na jiko la nje ambako moshi haukuwahi kukatika. Alikuwa mjane, mwimbaji wa kwaya ya usharika wetu wa Kilutheri, na katibu wa bujuni, chama cha kusaidiana cha kijiji, ambacho mtu akifiwa au akiuguliwa kinafika na maji, kuni, ndizi na mikono kabla hajaomba. Nilikaa kwenye kigoda tukimenya ndizi pamoja, nikamweleza kila kitu. Nilimweleza kuhusu mia na wawili, kuhusu jicho la namba, kuhusu mkataba. Alikuwa mtu wa kusikiliza kwa kisu: jambo likimgusa, anamenya haraka.

"Kwa hiyo wanakutaka ubonyezwe," alisema.

"Si mimi, Tatenkazi. Linki."

"Ni wewe. Isipobonyezwa, anayefukuzwa kazi ni nani, linki?" Alifuta mikono kwenye khanga, akatoa simu yake ya kioo, zawadi ya mwanawe aliyeko Dodoma. "Hebu nionyeshe inabonyezwa wapi."

Nilimwonyesha. Nilidhani anataka kuelewa kazi yangu, kama wazee wanavyotaka kuelewa kitu kinachomlisha mtoto wao. Alibonyeza mara moja, akaona picha za miche, akasema, "Basi?" Nikasema basi. Akairudisha simu kifuani, akaendelea kumenya.

Jumapili iliyofuata namba ilipanda, na Jumapili nyingine ikapanda tena. Kufikia katikati ya msimu, makala ya kahawa changa ilikuwa inabonyezwa na karibu nusu ya wote wanaoifungua. Projestus alipiga picha ya dashibodi na kuiweka kama picha ya simu yake. Aliniletea soda bila kuombwa. Aliacha kuniita binti. Upande wa pili wa ukuta walimsikia akipiga kelele za furaha, wakagonga mbao kuuliza kama tumeshinda bahati nasibu. Mimi nilishangilia kwa siku mbili hivi, na siku ya tatu nikaanza kuichunguza namba ile.

Ninajua watu wanavyosema kuhusu mtu wa aina yangu: akipewa zawadi, anatafuta bei chini yake. Ni kweli, na sioni haya. Nilikaa na dashibodi ile kama mtu anayekaa na mgonjwa. Niliona kwamba siku za wiki wanabonyeza wawili katika mia kama zamani, na kwamba ongezeko lote linaangukia Jumapili, mchana, watu wakishatoka ibadani. Niliona pia kwamba wabonyezaji wa Jumapili hawakai kwenye makala hata muda wa kusoma sentensi moja. Wanafungua, wanateleza mpaka chini, wanabonyeza, wanaondoka. Hakuna mtu anayetaka miche ambaye hataki kujua inauzwaje. Nilimwonyesha Projestus. Alisema watu wa siku hizi wanasoma haraka.

Wiki ileile alimwalika mwenye kitalu. Mzee Laurian alipanda ngazi zetu taratibu, amevaa koti la kanisani, kofia mkononi. Kitalu chake kilikuwa kidogo, pembeni mwa kibanja chake cha migomba kule Kemondo, na alikuwa amekizoea hivyo hivyo: viriba vichache vya miche ya kahawa, chini ya kivuli cha matete, kwa majirani na wapita njia. Nilimwamkia kwa kupiga goti kidogo. Aliitikia, akauliza mimi ni wa ukoo gani, nikamtajia, akaridhika. Projestus alimgeuzia kompyuta.

"Mzee, hawa wote wamegonga mlango wako."

Mzee aliisogelea ile namba, akarudi nyuma kidogo, kama watu wanavyofanya wanapotazama picha kubwa. "Hawa wote wanataka miche yangu?"

"Karibu nusu ya wanaosoma. Sijawahi kuona kitu kama hiki."

"Mbona hawajafika?"

"Wanajipanga. Mvua zikikolea watakuja kwa pamoja, na wewe ukiwa na viriba vyako vichache utawafungia wapi?"

Mzee Laurian aliitazama namba tena. Kisha akasema kwa sauti ya chini, akiniangalia mimi na si Projestus, kwamba amekuwa akiwaza kuung'oa upande wa chini wa kibanja. Migomba ya upande ule iliachwa na baba yake. Mama yake amelala ukingoni mwake. Lakini wanawe wanamwambia kila siku kwamba ndizi hazijengi, na kama kweli watu wanataka miche kwa wingi hivi, basi labda wanawe wana akili kuliko yeye. Atawaita wakataji Jumanne. Asiye wa kwetu anaweza kusoma sentensi hiyo na kuipita. Kibanja kwetu ni jina la mtu. Shamba la mahindi utalilima tena mwaka ujao ukitaka, lakini migomba iliyozunguka nyumba, iliyolishwa nyasi na majivu na vizazi vitatu, ukiing'oa umeing'oa. Mtoto wako hataiona inarudi ilivyokuwa. Nilifungua mdomo. Projestus alinitupia jicho, na mzee alikuwa tayari anavaa kofia.

Jumapili nilikwenda Buganguzi bila kumwambia mtu. Nilifika ibada ikiwa imekwisha. Nilipita nyuma ya nyumba, nikaingia kwenye jiko la nje, na kabla sijabisha hodi ya sebuleni nilisikia sauti za wanawake, nyingi, na vicheko.

"Mama Anitha, umeshafika chini?"

"Kinazunguka tu."

"Toka nje ya mlango, huku ndani mtandao haushiki. Wewe je?"

"Nimebonyeza buluu."

"Ukabonyeza mara ngapi?"

"Mara mbili. Ya kwangu na ya mume wangu, yeye amelala."

"Mumeo akilala hata Yesu akirudi tutamjulisha kesho." Walicheka. Kisha nilisikia sauti ya Tatenkazi, ile sauti yake ya ukatibu: "Jamani, tusifanye mchezo. Mwana wetu ana shida ya kubonyezwa. Mwaka jana tulipeleka kuni kwa nani? Tulipeleka. Hii haina hata kuni, ni kidole tu. Asiye na bando aseme, tutamrushia."

Nilisimama kando ya jiko, moshi ukinipa kisingizio cha kulia. Ningependa kusema kwamba nilikasirika, lakini sikukasirika. Sijawahi kupendwa kwa namna ile, wala kabla wala baadaye: kundi zima la wanawake waliovaa nguo za kanisani, wakitafuta mtandao mlangoni kwa ajili yangu, wakisukuma namba juu kwa vidole vilivyozoea jembe. Na kila kidole kilikuwa kinamsukuma Mzee Laurian kukata migomba ya baba yake. Yote mawili yalikuwa kweli kwa wakati mmoja, na mimi, mtu wa kufikiri mno, sikupata namna ya kuyafanya kuwa moja.

Nilingoja wageni waondoke. Tatenkazi alinikuta kwenye kigoda, akafurahi, akaanza kunihesabia waliofika. Nilimwambia waache. Nilimwambia kila kitu kuhusu mzee wa Kemondo na wakataji wa Jumanne, kwa maneno machache niliyoweza. Alinisikiliza akiwa amesimama.

"Unasema mibonyezo yetu ni ya uongo."

"Sisemi ni ya uongo. Nasema nyinyi hamtaki miche."

"Kwani wanahesabu miche au wanahesabu watu? Mimi si mtu? Mama Anitha si mtu? Ametembea kutoka kule mlimani."

"Tatenkazi, yule mzee anadhani kila anayebonyeza atakuja kununua."

"Hilo ni kosa la aliyemwambia hivyo. Sisi tumemsaidia mtoto wetu." Alikaa, na alipokaa ndipo nilipoona jinsi nilivyomuumiza. "Ulikuja hapa unalia kazi. Nikasema, huyu ni wetu. Leo unarudi kuniambia msaada umezidi. Nitawaambiaje wale? Kwamba mtoto tuliyembeba amesema mgongo wetu unanuka?"

"Waambie nashukuru. Na waambie waache."

"Waambie mwenyewe."

Kwa hiyo niliwaambia mwenyewe. Nilizunguka kijiji mchana ule, nyumba kwa nyumba, nikishukuru na kukataa kwa pumzi moja. Jaribu siku moja kukataa msaada wa bujuni, ndipo utajua kazi ngumu ni ipi. Wengine walinicheka, wengine walidhani nimepata kazi kubwa zaidi na sasa najivuna. Mama Anitha aliniuliza kama alibonyeza vibaya. Niliporudi kuchukua mkoba, Tatenkazi hakunipa ndizi za kubeba, na hakunisindikiza mpaka barabarani. Kwetu, mgeni asiyesindikizwa ameelewa alichoambiwa.

Jumatatu nilimweleza Projestus, nikiwa nimesimama, kwa sababu nikikaa huwa nakubali. Sitasema hakushangaa. Alishangaa, kisha akafurahi, na hicho ndicho ambacho sikukitegemea.

"Shangazi yako ana watu wangapi?"

"Kwa nini?"

"Kemi, tuna wateja wengine. Mwenye asali amekwama kwenye mmoja katika mia. Mwambie shangazi tuna kazi, kila Jumapili, tutawarushia bando na chochote kidogo."

"Na Mzee Laurian?"

"Mzee Laurian amefanya nini? Amebonyezewa. Sisi tunauza mibonyezo, hatuuzi miche. Kama anang'oa migomba, ni migomba yake."

"Tulimwambia watakuja."

"Mimi nilimwambia. Wewe ulinyamaza, na endelea hivyo hivyo, unaweza." Kisha alilainisha sauti, akaniambia mkataba wangu mpya umeshaandaliwa, kwamba nitasimamia waandishi wawili watakaoajiriwa, kwamba namba ni namba, na mtu mzima haulizi mvua imetoka wapi. Upande wa pili wa ukuta mashine ya kukaushia nywele ilizimwa, nikajua saluni nzima inasikiliza. Nilimwambia nitafikiri. Alicheka. "Najua," alisema. "Hilo ndilo unaloliweza."

Nami nikafikiri. Nilifikiri jioni yote katika chumba changu cha kupanga mtaa wa Kashai, mbele ya sufuria ya wali niliousahau mpaka ukaungua. Nilijitetea kwa kila upande. Nilijiambia kwamba mzee ni mtu mzima. Kwamba huenda wanunuzi kweli watakuja. Kwamba bila kazi nitarudi nyumbani na cheti changu kama mtu anayerudisha chombo cha kuazima. Nilijiuliza kama naogopa kufanikiwa, maana hata hilo mtu wa aina yangu hujiuliza. Lakini kila nilipomaliza kuzunguka nilijikuta mahali palepale. Ile namba ilikuwa imebeba upendo wa watu wa Buganguzi, na upendo wa watu wa Buganguzi haukuwa na haja ya mche hata mmoja. Wale wawili katika mia wa siku za wiki, ambao Projestus aliwaonea aibu, ndio waliosoma mpaka mwisho wakataka kujua zaidi. Nilikuwa nimewapata kwa kazi yangu. Nilikuwa nimetumia msimu mzima kuwaombea radhi kwa uchache wao, na hawakustahili kuombewa radhi na mtu yeyote.

Jumanne nilipanda gari la kwanza kwenda Kemondo. Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya ziwa, na harufu ya dagaa ilifika barabarani kabla ya bandari kuonekana. Niliulizia, nikaelekezwa, nikafuata njia ya migomba mpaka uani. Wakataji wanne walikuwa wameshafika. Mapanga yalikuwa yameegemezwa ukutani, wao wakinywa chai. Mzee Laurian alikuwa na kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, akanikaribisha, nikachukua punje moja.

"Umekuja kushuhudia," alisema.

"Nimekuja kukuambia, Mzee, usikate."

Niliyasema yote pale pale, mbele ya wakataji, kwa sababu nilijua nikimwomba pembeni nitaanza kupamba. Nilisema wale watu wa Jumapili ni shangazi yangu, na kwaya yake, na chama chao cha misiba, na kwamba walibonyeza ili nisifukuzwe. Nilisema hakuna hata mmoja wao atakayekuja kununua. Nilisema ofisi inalijua hilo tangu jana. Mkataji mmoja aliacha kutafuna mkate. Mzee alitazama upande wa chini wa kibanja, na uso wake haukuwa wa shukrani. Ulikuwa uso wa mtu aliyevuliwa koti mbele za watu.

"Mmenifanya mtoto," alisema.

"Ndiyo, Mzee."

"Na yule mwalimu wa Kashozi aliyekuja juzi na maswali mengi kuhusu kivuli na mbolea, naye ni wa shangazi yako?"

"Hapana. Huyo amesoma. Huyo ni wako."

"Wako wangapi kama yeye?"

"Wawili katika kila mia wanaofungua. Wakati mwingine mmoja."

Alitafuna punje yake. "Hao viriba vyangu vinawatosha."

"Vinawatosha, Mzee."

Mkuu wa wakataji alikohoa. "Sasa sisi tumeamka alfajiri, Mzee. Turudi na mapanga yamekaa hivi?"

Mzee Laurian alimgeukia kwa hasira ambayo, nadhani, ilistahili kunishukia mimi. "Nani amekwambia urudi? Migomba yote ile ina majani makavu. Punguzeni majani. Na atakayegusa shina nitamkata yeye." Walicheka, wakachukua mapanga, wakashuka. Hakunitazama tena. Alikwenda nyuma yao akiwaonyesha kwa fimbo mgomba hadi mgomba, na nikasikia majani makavu yakianza kuanguka.

Nilitoka mpaka barabarani, nikampigia simu Projestus. Alipokea akiwa na furaha bado. Nilimwambia niko Kemondo, kwamba mzee amejua, na kwamba ripoti yake nitaiandika leo bila Jumapili hata moja ndani yake. Akaniambia nirudi ofisini tuzungumze kama watu wazima. Nilisema sirudi. Aliniambia nitajuta. Nikasema basi nitajuta nikiwa nimelala vizuri, nikakata simu. Ufunguo wa ofisi niliufunga kwa kipande cha jani la mgomba, nikamkabidhi kondakta wa gari la kwenda Bukoba, nikamwelekeza duka la vifaa vya ujenzi na jina la mtu wa kumpa mkononi. Kisha nikavuka barabara, nikasimama upande wa magari yanayokwenda Muleba, njia ya kufika Buganguzi kwa Tatenkazi, ambaye alikuwa bado hajanisamehe.